Tulipotoa Madirisha ya Mbao

Nyumba ya mama iko mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, katika mstari wa nyumba za matofali zilizojengwa na misioni. Kanisa linataka zibaki vile zilivyo: hakuna ruhusa ya kubadilisha paa, milango wala madirisha. Madirisha yenyewe ni ya mbao nzito, bila kioo. Baba, aliyekuwa mwalimu, aliyapaka mafuta kila mwaka mpaka alipofariki.

Mimi naishi Butembo, mtaa wa Mususa. Watu waliokimbia waasi vijijini walipoanza kupita mbele ya nyumba ya mama na magodoro kichwani, nilitengenezesha madirisha ya chuma, nikayapakia kwenye gari pamoja na fundi, tukaenda. Ruhusa sikuomba.

Fundi alikuwa bado anapanga vyombo vyake mzee wa kanisa alipofika.

"Mama, hizi madirisha ni za kanisa," alimwambia mama yangu. "Kamati hapana kubali."

Nilijibu mimi, kwa hasira: "Kamati ndiyo inalala humu?"

Fundi akatuita nyuma ya nyumba, kwenye dirisha la chumba cha mama linalotazama migomba. Alikuwa ameondoa bati lililoegemezwa pale. Karibu na komeo, mbao ilikuwa imechimbwa kwa chuma. Alama nyingine zilishakuwa nyeusi kwa mvua. Nyingine zilikuwa nyeupe, mbichi.

"Mama, tangu lini?"

"Kuko siku mingi. Walikuya usiku mara tatu. Nilisukuma mbao na mikono kwa ndani, nikaomba Mungu."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungenipeleka Butembo. Na papa yako amezikwa hapa."

Nikakaa juu ya tofali. Mzee wa kanisa aliingiza kidole katika alama moja nyeupe. Kikazama chote. Akatazama migomba, akakitoa haraka.

"Fundi akimaliza hapa," aliniambia polepole, "umulete kwangu."

Kabla ya mwezi kwisha, nyumba zote za mstari ule zilikuwa na chuma. Kamati haikusema neno. Mama alikataa kuhama, nami nikarudi Butembo, nikimpigia simu kila asubuhi.

Jana alipokea akinong'ona.

"Madirisha wameacha, mutoto yangu. Sasa usiku wanajaribu mulango."

Nimekwisha kukata tikiti ya basi. Safari hii sibebi chuma. Naenda kumchukua, akikubali.