Sikio Ubavuni mwa Farasi

Kila jioni ya safari, kabla hajaigusa supu yake, kiongozi wa msafara wa watalii wapanda farasi hubandika sikio ubavuni mwa kila farasi, kama jirani anayedukua ukutani. Wageni walishazoea kumtania: "Anasikiliza taarifa ya habari!" Siku ya tatu, kwenye ua wa kiwanda kikongwe cha mvinyo katika bonde la mto Douro, alifika kwa farasi aliyempanda Leonilde, mfamasia wa Porto, akasikiliza, akahamia ubavu wa pili, akakawia. Tumbo lilikuwa kimya, na farasi wa tumbo kimya anaweza asiione asubuhi.

"Nani kampa machicha ya zabibu?" Hakupaza sauti, na hapo ndipo vicheko vilipokatika. Leonilde alificha mikono nyuma. "Mimi," akasema mwishowe. "Konzi mbili tu, jamani." Kiongozi hakumgombeza, alimkabidhi kamba. "Mtembeze. Akitaka kulala, usimkubalie." Wakauzunguka ua mara ishirini, mara thelathini, kiongozi pembeni na kiganja tumboni mwa farasi, supu ikipoa. Hatimaye mkia ukainuka, kinyesi kikaanguka pu! Yule bwana akavua kofia, akakiinamia kwa heshima zote. Kisha, bila kumtazama Leonilde: "Kanawe hiyo rangi ya zabibu mikononi, dada. Niliiona tangu mwanzo. Nilitaka useme mwenyewe."