Kichuguu Kilichonipa Kisogo

Mkuu wetu wa shule, Mama Neema, hasahau neno. Nilipojigamba kwamba siku ya wazazi nitaleta kinyago cha kichuguu, chenye vishimo na vifereji vyote vya mchwa, ili somo langu la baiolojia lipendeze, alinijibu, "Usipokileta, utatuchezea sindimba." Mimi ni Mhaya, si Mmakonde mwenye ngoma hiyo, nina kitambi, na viuno sijajaliwa. Siku hiyohiyo nikampigia simu mchongaji wa Newala.

Jumamosi asubuhi niliondoka Masasi kwa pikipiki. Miamba ya mji ikabaki nyuma, mikorosho ikanisindikiza, kisha barabara ikaanza kupanda na baridi ya Newala ikanifanya nijutie shati la mikono mifupi.

Saa tano nilifika kwa mchongaji, Baba Salome. Baada ya salamu na uji akafunua kazi yake: kichwa cha mpingo kinachoonekana kwa nyuma. Nikakizungusha kutafuta uso, nikakuta nyuma tena.

"Baba Salome, nini hiki?"

"Kichogo. Si ndicho ulichoagiza?"

"Niliagiza kichuguu."

Akajikuna. "Mtandao wa huku, mwalimu."

"Na ni kichogo cha nani?"

"Changu. Sijawahi kukiona, kwa hiyo Mama Salome alikaa nyuma yangu akinielekeza."

Mkewe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nilimwambia kina matuta na vishimo kama kichuguu."

Nikakitazama upya. Kweli bwana! Nywele za kipilipili zilikuwa vichuguu vitupu, na kovu lake la utotoni lilikuwa kifereji safi. Moyo wangu ukatulia, nikamwalika shuleni kwa shukrani.

Saa nane nilirudi, kinyago nimekifunga nyuma yangu kwa khanga na kukivalisha kofia ngumu. Niliposimama njiani kununua korosho, mama muuzaji akamsalimia abiria wangu mara mbili. "Akupaye kisogo si mwenzio," akanionya.

Siku ya wazazi kinyago kilikaa mezani, mbele yake kibao: KICHUGUU. Mama Neema akavisifu vifereji, wazazi wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Ndipo Baba Salome akaingia, akaketi kando ya meza akiutazama ukuta wenye picha za wanafunzi, akavua kofia kwa ajili ya sala.

Kabla ya amina watu walishaanza kucheka. Mama Neema alikitazama kinyago, akamtazama mgeni, kovu kwa kovu.

"Mwalimu," akasema, "njuga ziko ofisini kwangu."

Nimejifunza kwamba kichuguu huagizwa kwa picha, si kwa simu. Sindimba niliicheza nikiwa nimewapa wazazi kisogo kwa aibu. Wakadhani huo ndio ustadi wenyewe, wakadai nirudie.