Nilisema usumba umeoza, na shangazi yangu akaubeba uongo wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu. Leo nauachia. Yote yaliyomo yalitokea, na mwenye kuyafanya ni mimi mwenyewe, kwa hiyo wale wa kudai ni chai, porojo za kutunga, wapite pembeni mapema.

Mimi ni mzaliwa wa Waa, Kwale. Nilikuwa fundi wa mashine ya kudunga usumba, kwenye kiwanda kidogo kilichojengwa kwa mabati upande wa Ukunda. Jina la kiwanda nitalihifadhi, sina nguvu za kesi.

Kwa wa bara ambao nazi wanaiona supamaketi: usumba ni zile nyuzi zinazotoka kwenye makumbi ya nazi. Wazee wetu walizisokota kamba. Sisi kiwandani tulizipanga matabaka.

Unatandaza tabaka moja la nyuzi mezani, la pili unalilaza kwa kukingama juu ya la kwanza, la tatu unalirudisha kama la kwanza, unaendelea hivyo.

Juu ya meza kuna ubao wenye mamia ya sindano. Msifikirie sindano za cherahani. Hizi hazina tundu wala uzi, ila ubavuni zina vijino. Ubao ukishuka, vijino vinazinasa nyuzi za tabaka la juu na kuzisukuma zipenye mpaka matabaka ya chini yake. Nyuzi zenyewe ndizo zinazoshona.

Unapata kipande kinene, kizito. Mteja anakilowesha gundi, anakikandamiza kwa moto, kinakuwa kigumu kama ubao. Kazi tamu sana, wakuu. Niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Sasa tulieni hapa, maana dhambi yangu imo hapa.

Kila ukiongeza tabaka, lazima uishushe meza kidogo kwa gurudumu la mkono, kiasi cha unene wa tabaka hilo. Lengo ni sindano zifunge tabaka jipya na mawili matatu ya chini yake, zisiende zaidi.

Usipoishusha, sindano zinarudi kuyadunga matabaka ya chini yale yale, tena na tena, mpaka nyuzi zake zinakatika. Juu panapendeza kama zulia la msikitini. Chini umebaki ugoro.

Gurudumu lenyewe lilikuwa zito, limeliwa na chumvi. Kufika jioni mabega yalikuwa si yangu.

Basi tukapata oda kutoka kwa mwenye karakana ya samani huko Diani. Alitaka vipande vya kutengenezea migongo ya viti vya hoteli, tena vingi, tena haraka. Bosi wetu, mtu wa Nairobi, akawa anasimama nyuma yangu na simu mkononi.

"Fundi, hiyo gurudumu inatukulia time. Weka layer tatu ndio ushukishe. Nani atapasua aangalie ndani?"

Nikamwambia, "Bosi, chini patakatika."

Akacheka. "Si ni wewe unataka kuwa supavaiza? Supavaiza ni mtu wa kutoa kazi, sio wa kuzungusha gurudumu."

Nikafanya alivyotaka.

Sitawadanganya kwamba nilishikiwa bunduki. Mabega yalipumzika, na lile neno supavaiza lilikuwa limeniingia kichwani. Nilijiona tayari na ufunguo wa stoo kiunoni.

Niwaambie sasa usumba ulitoka wapi.

Ulitoka kwa kina mama wa Mwabungo. Kiongozi wao alikuwa shangazi yangu Mwanamisi, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Mimi ndiye niliyewapeleka kwa bosi. Nilijisifia sana kwa hilo.

Makumbi hufukiwa ufukweni kwenye mashimo ya tope, maji ya bahari yakiingia na kutoka, miezi na miezi, mpaka nyama ya kumbi ilainike. Harufu yake msiniulize. Ukifukua mapema nyuzi hazitoki, ukichelewa zinaoza, kazi yako ya miezi unaiacha hapo hapo.

Na hakuna kalenda. Kuna mtu mmoja anayesikilizwa na kundi zima. Anatia mkono shimoni, anachomoa kumbi, anavuta uzi, anaunusa, kisha anasema "Bado" au "Limeiva". Kabla hajasema hakuna anayefukua, hata kama shimo ni lake na nyumbani hakuna unga.

Mtu huyo alikuwa shangazi. Hakuwa na shamba la maana wala mume. Alikuwa na neno lake, na wanawake wote wa pale walilingoja.

Vile viti vilikaa hotelini muda mfupi tu. Meneja mwenyewe alikaa akaegemea, mgongo ukaachana vipande viwili, akaanguka mbele ya wageni wake. Ningecheka kama ingekuwa kazi ya mtu mwingine.

Mwenye karakana akairudisha oda nzima. Bosi akaniambia niwaite kina mama waje kiwandani.

Walikuja sita, na leso zao safi kama waendao maulidini. Walidhani wameitwa kushukuriwa. Mpaka leo leso zile sijazisahau.

Bosi akauweka ule mgongo uliovunjika mezani. Akasema, "Hii imetoka kwa material yenu." Kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Fundi, wewe ni mtu wa huku, unajua hizi vitu. Shida ni mashine ama ni usumba?"

Wakuu, alijua. Alinitazama huku akijua, nami nilijua kuwa anajua. Nilihitaji kusema neno moja tu.

Nikasema, "Usumba umeoza. Ulichelewa kufukuliwa."

Nilisema hivyo shangazi yangu akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Kusema usumba umechelewa kufukuliwa ni kusema aliyetoa ruhusa hajui kazi. Kila mwanamke aliyekuwa pale alielewa nimemtaja nani.

Shangazi akasogea mezani. Akakichukua kile kipande, akavuta uzi kutoka tabaka la chini, akauinua kwenye mwanga wa mlangoni.

Uzi uliooza huwa mweusi, unalegea, ukiuvuta unafumuka kimya kimya. Ule ulikuwa na rangi yake nzuri ya dhahabu, umekatika kwa ncha safi. Na kwenye kipande mlikuwa na vitundu vya sindano, safu kwa safu, vimerundikana pamoja. Mtu aliyeshika usumba maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa.

Akainua macho akanitazama. Hakukasirika. Bora angenizaba kibao pale pale.

Akasema, "Yawezekana ni mimi. Macho yangu siku hizi si mazima. Hawa wenzangu hawana kosa, walifukua kwa sababu mimi niliwaambia. Mtuwie radhi."

Nami nikaendelea kusimama pale, mwanamume mzima na ndevu zake.

Bosi akatangaza kuwa hanunui tena Mwabungo. Kina mama wakaondoka, na mashimo yao yalikuwa yamejaa makumbi ambayo sasa hayana mnunuzi wa maana. Wakarudia kusokota kamba, siku nzima kwa mapato ya chumvi na sabuni.

Wiki hiyo hiyo wakamchagua Bi Saumu awe ndiye wa kusema limeiva. Bi Saumu ni rafiki yake shangazi tangu usichana. Walimwambia shangazi kwa adabu kabisa, "Pumzika dada, macho yasikutese." Akakubali, akawa anakaa pembeni anapiga makumbi kwa gongo lake kuzitoa nyuzi, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Mimi nikapewa usupavaiza. Nilipewa na koti la buluu. Nilipiga picha nalo nikaiweka status, haki ya Mungu.

Koti lenyewe halikupata hata muda wa kuchakaa. Bosi alianza kuleta nyuzi kavu, zilizochanwa kwa mashine bila kulowekwa, ngumu na zenye kukatika ovyo. Mwendo ukawa ule ule, tabaka tatu ndio meza ishuke. Vipande vilipoachana tena, hapakuwa na kina mama wa kuitwa. Nikasikia kwa masikio yangu bosi akimwambia mteja, "Shida ni huyu fundi wetu, alizembea. Tumemtoa."

Mcheke tu, ni haki yenu. Nami nilicheka nilipokuwa nalivua lile koti.

Nilikaa nyumbani nikiyatafuna hayo. Mwishowe nikaamua kwenda kusema ukweli. Nilijiona shujaa kwelikweli. Nilipiga picha kichwani ya kina mama wakimkumbatia shangazi, wakimrudishia nafasi yake, mimi nimesimama pembeni nafuta machozi.

Nikaenda asubuhi, maji ya bahari yametoka, wote wako mashimoni. Nikawapa shikamoo mmoja mmoja. Nikatoa kipande cha ule mgongo uliovunjika, nilichokuwa nimekihifadhi, nikawaonyesha vitundu, nikaeleza habari ya gurudumu, ya bosi, ya tamaa yangu. Nikasema, "Usumba wenu ulikuwa mzima. Shangazi hakukosea. Niliwasingizia."

Nikangoja hayo makumbatio.

Bi Saumu akaliweka gongo lake chini. Hakunitazama mimi.

"Mwanamisi. Siku ile uliushika uzi ukauangalia. Weye ulijua?"

Shangazi akaendelea kupiga kumbi lake mara mbili, tatu. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua, ukatuacha na mashimo yamejaa hatuna pa kuuza? Mimi nikawa nakuombea dua usiku kwa hayo macho yako!"

"Ni mtoto wa kakangu, Saumu. Ningefanyaje?"

Bi Saumu akasema, "Na sisi ni nani wako?"

 Yeye na wenzake wakakusanya magongo yao na vikapu, wakahamia mashimo ya upande wa pili. Hapakuwa na kelele wala tusi. Tukabaki mimi na shangazi na lile tope.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Walipodhani amekosea, walimwonea huruma, wakamwachia mahali pa kukaa kati yao. Nilipowaambia ukweli, walijua kwamba aliwachagulia njaa ili mimi nibaki na kazi. Hata huruma yao nikawa nimemnyang'anya.

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanizuia kwa mkono wenye tope.

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu," akasema. "Jambo hilo lilikuwa limeshakuwa langu."



Nilichojifunza, kwa wale wanaopenda kurukia mwisho: ukweli una siku yake. Wangu ulikuwa siku ile kiwandani, mbele ya bosi, ungenigharimu kazi ambayo hata hivyo niliipoteza. Nilipoupeleka baadaye, niliupeleka kwa sababu mimi nilikuwa silali. Nililala vizuri sana usiku ule, na hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi.

Na wewe fundi wa mashine ya namna ile, bosi akikwambia usiishushe meza, mwambie aje aendeshe yeye. Wangu bado yupo, kiwanda kinanguruma, amenunua na gari jipya. Mungu anamwona, lakini hana haraka naye.

Sasa naomba maoni. Ningebaki kimya nimwachie shangazi kile kidogo alichokuwa amebaki nacho? Au kuna namna ya kulisema jambo lile ambayo mimi kwa ujinga wangu sikuiona? Mwenye matusi ayalete pia, nitayasoma yote. Ila shangazi msimguse.

Zamani nilikuwa naingia kwake kwa mlango wa uani, nafunua sufuria bila kuuliza, nakula nimesimama huku akinigombeza. Siku hizi nikifika hodi yangu inaitikiwa vizuri, shikamoo yangu inapata marahaba kamili, kisha natandikiwa mkeka barazani. Chai inaletwa katika kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. "Karibu baba, starehe." Anakaa, ananiuliza hali ya watoto, hali ya mvua huko Waa.

Jana nilikwenda tena. Nilipoinuka kuaga, alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishukuru kwa kuja.