Gunia la Mlangoni

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, katika miaka ile ya tisini, nilipofungua mlango ambao sikuufunga mimi.

Wakati huo sikuwa na makao. Shule niliiacha mapema, si kwa kuchukia masomo, bali kwa sababu kila nilichofundishwa nilitaka kwenda kukiona kwa macho. Nilichuma chai upande wa Kericho, nikaswaga ng'ombe hadi soko la Siongiroi, nikapakia mizigo kwenye malori. Hatimaye nikafika kwa Mzee Kimeto, karibu na Chepilat, nikaomba kazi ya kukama. Alinitazama kwanza, kisha akasema, "Kazi iko. Kelele ndiyo sitaki." Alikuwa amemzika mkewe majuma machache tu yaliyopita.

Mkewe, Mama Cherono, alikuwa mkulima wa uyoga. Aliulima katika nyumba ndogo ya udongo iliyokuwa ya ndama zamani. Alikuwa akichemsha mabua ya ngano ndani ya pipa, anayapoza, anayachanganya na mbegu, kisha anajaza mifuko ya plastiki na kuining'iniza kwenye boriti za paa. Mifuko ya mwisho aliipanda siku chache kabla ya kulazwa. Hospitalini, kuhusu kazi yake, alimwachia mumewe neno moja: "Usiache nyumba ikauke."

Binti yao, Cherono, aliishi Mombasa. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa ndiyo kwanza amejifungua kwa upasuaji, hakuweza kusafiri. Sasa alikuwa amepata nguvu na angefika Jumapili. Mzee alikuwa na ombi moja tu duniani. "Nataka akule chakula ya mkono wa mamake," aliniambia. "Mara moja tu."

Basi alilitii lile neno kwa moyo wake wote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mzee aliziba kila ufa. Nafasi iliyo kati ya ukuta na bati aliijaza majani ya migomba na udongo. Asubuhi na jioni alinyunyizia kuta maji. Kwa kuwa kwetu kule kuna baridi hata wakati wa kiangazi, aliingiza jiko na sufuria ya maji yanayotoa mvuke, kisha akafunga mlango. Ukiingia, nguo zililowa mwilini.

Uyoga ulitoka, lakini ulitoka vibaya. Shingo ndefu, nyembamba, nyeupe, na vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Mimi, ujana ukiwa mwingi, nikacheka.

"Mzee, huu uyoga unatafuta nini huko juu? Una shingo kama askari wa gwaride."

Hakucheka. "Unamtafuta mwenyewe," alisema.

Akili yangu haikutulia. Mchuma chai yeyote anajua kuwa majani ukiyashindilia sana ndani ya gunia yanapata moto yenyewe, yanageuka mekundu, na kiwandani hayapokelewi. Nikamwambia nyumba yake haipumui.

"Mama alisema isikauke."

"Lakini mzee—"

"Kijana, wewe ulimjua?"

Siku ya pili yake alipeleka ng'ombe kuogeshwa dawa ya kupe. Nikafungua mlango wote, nikachomoa yale majani ya migomba, nikaenda kukata nyasi huku nikijipongeza. Wewe hujaujua upepo wa Januari wa kule, mwanangu. Ni ule unaopasua midomo. Mzee aliporudi jioni, vichipukizi vilivyokuwa kama punje za mchele vilikuwa vimekauka na kuwa kahawia, na vile vikubwa vimepasuka kingo kama visigino.

"Nilitaka ipate hewa," nikasema.

"Imepata."

Aliketi kizingitini. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mtoto akitoka jasho, unampunguzia blanketi ama unamtupa nje uchi?" Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo ndipo macho yake yalipoenda kwenye ua. Gunia kuukuu la katani lilikuwa limetupwa pale, limekauka na kuwa gumu kama ngozi.

"Hiyo gunia ilikuwa hapa mlangoni," alisema. "Kila siku iko na maji. Nikiingia inanipiga kwa uso, namgombeza. Namwambia, mama, kwa nini unaanika kitu mbaya kwa mlango? Yeye anacheka tu." Siku ya mazishi, akina mama waliokuwa wakisafisha boma walilitoa na kulitupa. "Hata siku moja sikumuuliza ni ya nini."

Tulililowesha, tukalitundika, tukauacha mlango wazi nyuma yake. Niliweka mkono upande wa ndani. Upepo ule ule uliokuwa umeua kila kitu ulipita kwenye gunia, ukanifikia kiganjani ukiwa wa baridi na unyevu, kama pumzi ya alfajiri.

Jumapili Cherono alikuja na mtoto mgongoni. Alikula ugali na sukuma, akanywa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni. Uyoga haukuwapo. Baba yake alimpeleka hata hivyo kwenye ile nyumba, na binti alipokaribia mlango aliinamisha kichwa kabla gunia halijamgusa, kama mtu aliyelizoea. Kisha akasimama palepale, akalishika pindo, akalia.

Alikuwa amekwisha kurudi Mombasa uyoga ulipotoka tena, mpana kama sahani za chai. Mzee aliutazama. "Umechelewa," akauambia, bila hasira. Tukaukausha juani kwenye ungo, akaufunga kwa kitambaa. "Wewe miguu yako haitulii," akaniambia. "Basi iende mahali pa maana."

Niliufikisha Mombasa. Cherono alifungua kile kitambaa, akanusa, akakifunga tena. "Nitapika kesho," alisema. "Leo siwezi." Kama aliupika, sijui.

Mwanangu, ukilima uyoga nyumbani, lowesha sakafu na kuta, usiumwagie uyoga wenyewe maji. Uache upate hewa, lakini hewa hiyo kwanza ipite kwenye kitu chenye maji. Ukiona shingo ndefu, umeunyima hewa. Ukiona kingo zimepasuka, umeunyima maji. Joto la jiko usilipende kupita kiasi. Hayo utayajifunza kwa msimu mmoja. Lakini gunia linalokupiga usoni kila siku ndani ya nyumba yako, uliza ni la nini. Kuuliza si ujinga. Na uulize mapema, angali yupo wa kukujibu, hata kama jibu lake ni kicheko.

Mungu akupe umande wa kutosha na upepo wa kadiri. Na mlangoni pako, usikose wa kumgombeza.