Gauni la Kitambaa cha Mitego

Mtegaji wa mbung'o alikuwa na majivuno kidogo, na tumsamehe, maana kazi yake haikuwa ya kuonewa wivu na mtu. Alitundika mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, mbung'o wakaivamia wenyewe na kuishia kwenye chupa. Ukimuuliza kwa nini buluu, anatanua kifua: "Rangi hiyo wakiiona hawajiwezi."

Basi kichwa hicho hicho kilichojua hayo ndicho kilichompelekea dada yake mabaki ya kitambaa cha mitego. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mtegaji alitaka kumfurahisha japo mara moja. Dada akashona gauni, akaringa nalo masika yote bila kuumwa na kitu. Wakati wa mvua mbung'o hutawanyika porini kote, na nyumba yao ilikuwa mbali na pori.

Kiangazi kikaingia. Majani yakakauka, mbung'o wakakimbilia vivuli vya mtoni, na mtegaji akahamishia mitego huko kama kila mwaka. Kisima cha nyumbani nacho kikakauka, dada akawa anafulia mtoni na gauni lake mwilini.

"Mdogo wangu, nzi wa kule wananitaka kuliko wanaume," alisema akijikuna shingo.

Naye akacheka. Alicheka, jamani, mtu mzima na kazi yake!

Dada akaanza kuumwa kichwa. Usiku alizunguka ndani macho makavu, mchana akasinzia na mwiko mkononi, mboga zikaungua.

"Dada, uvivu huu umeutoa wapi?" mtegaji alimkaripia.

Alasiri moja alimkuta amelala ukingoni mwa mto, nguo zimelowa sabuni. Mgongo mzima wa gauni ulikuwa umejaa mbung'o, vilevile wanavyojaa kwenye mitego yake. Aliwapiga kwa viganja huku akilia kwa sauti, kisha akambeba dada yake hadi zahanati, na kutoka hapo wakapelekwa hospitali.

"Ni malale, ugonjwa wa mbung'o," daktari alimwambia. "Vimelea vimeshafika kwenye ubongo. Dawa ipo na tumeanza kumpa, lakini siwezi kukuahidi kwamba atarudi kuwa yule unayemjua."

Mtegaji aliketi kando ya kitanda. Aliogopa kumpoteza, na aliogopa zaidi kwamba atampoteza kabla hajamwambia.

"Dada, nisamehe. Ni mimi niliyekuponza. Lile gauni..."

Dada alifumbua macho, akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Unalia nini? Mama atarudi sasa hivi." Akamshika mkono, akamvuta kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo. "Njoo ukae nyuma yangu. Nzi hawa wasije wakakuuma."

Akaanza kuwafukuza kwa kiganja, taratibu, na wodini hamkuwa na nzi hata mmoja.