Firigisi ya Baba

Juzi pale kituo cha matatu cha Kawangware 56 nilimwona mwanamke akimenya ngozi ya manjano ya firigisi, nikakumbuka harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji moto. Mchana mmoja nikiwa bado msichana mdogo, kule kwetu Mashimoni, Mama alimchinja kuku mwenyewe, kwa kuwa Baba alikuwa mgonjwa kitandani. Mimi, kifungua mimba, nilishika miguu ya kuku.

Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, msichana haionji. Lakini Baba alinisogezea sahani.

“Kula, Nekesa.”

“Si hiyo ni yako?”

“Leo ni yako. Kuku umemshika vizuri.”

Mama aligeukia ukuta. Nilitafuna polepole, nikijivunia mikono yangu. Sikujua kwamba Baba hakuweza tena kumeza, na kwamba nyumba alikuwa ananiachia mimi.