Magunzi Kwenye Mlango wa Kobe

Nilipofungua ubao wa ndani wa mlango wa kushoto wa Kobe, magunzi yalinimwagikia miguuni kama mtu kapasua gunia. Magunzi ya mahindi, rafiki yangu, ndani ya mlango wa gari! Mengine meusi kwa grisi, mengine yameliwa na panya yamebaki ungaunga. Nikakaa chini palepale kwenye stoo ya kahawa, bisibisi mkononi, nikashindwa kuendelea.

Kobe ni gari la marehemu baba. Gari dogo la zamani, lile lenye mgongo wa mviringo, milango miwili, injini iko nyuma. Jina lake la kiwandani hapa kwetu Mbozi halijulikani sana, lakini ukisema Kobe hata kuku watakuelekeza, maana wametagia humo miaka. Baba alilipata kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa, na toka siku linaingia uani, kioo cha upande wa mama kilikuwa hakisimami. Mashine ya kioo, yaani yale meno yanayopandisha kioo ukizungusha kishikio cha mlangoni, ilikuwa imelika. Raba za pembeni zimekwisha. Ukikipandisha, kinateremka chenyewe hadi tumboni mwa mlango, polepole, kama mzee anayekaa kwenye kigoda.

Dawa yetu ikawa gunzi. Unalipachika kati ya kioo na bati, unaligonga kwa kiganja, safari. Kulichagua ilikuwa kazi yangu. Jioni tunapukuchua mahindi jikoni, moshi unatutoa machozi, sufuria ya maharage inagugumia, wenzangu wanatupia magunzi yao motoni, mimi nayapima kwa kidole. Lilitakiwa liwe jembamba na gumu, la yale mahindi ya kienyeji yenye punje za zambarau. Nikileta bovu bibi ananisimanga: "Hilo la kuchochea moto hilo, fundi wa magunzi!" Bibi mwenyewe hakuwa na meno ya mbele, lakini mahindi ya kuchoma alikuwa anatumaliza wote, sijui alikuwa anatafuna na nini. Basi, tuyaache ya bibi. Nilikuwa kwenye gunzi.

Gunzi lina tabia zake. Masika linakunywa unyevu, linavimba, kioo kinasimama kama kimejengewa. Kiangazi linasinyaa. Gari likianza kutetemeka kwenye matuta madogomadogo ya barabara ya vumbi, gunzi linachomoka, linadondokea ndani ya mlango, na kioo nacho kinalifuata. Sasa kiangazi ndiyo vumbi lenyewe. Na kiangazi, kahawa ikishachumwa, ndipo tulipokuwa tunateremka Msangano, kwao mama, kusalimia.

Hapo ndipo mama alipokuwa anaweka kiganja cha kushoto kwenye kioo, anakisukuma juu, na kubaki hivyo mpaka tufike. Haikuwa kwa ajili yake. Mdogo wangu alikuwa na kifua kibaya, vumbi likimwingia alikohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Sisi huko nyuma tunakula karanga za kukaanga, tunaimba nyimbo za kwaya, tunagombania nafasi. Mbele, mkono wa mama uko palepale. Tukifika, ndugu zake wanamzunguka wamshike mkono, yeye anautikisa ule wa kushoto uliokufa ganzi, anasema, "Ngojeni kidogo uamke." Watu wanacheka. Sisi nasi tunacheka. Ukawa ndio utani wa familia, wengine walianza kuusema kabla hajashuka garini.

Baba alikuwa na lake moja: "Wiki ijayo nakitengeneza." Hakuwa mtu mbaya, baba. Kila Jumamosi alikuwa analipangusa gari mpaka ujione meno kwenye boneti. Injini ikikohoa tu, hali chakula. Lakini kioo cha mama hakikuzuia gari kwenda, na kisichozuia safari kwetu hakikuwa kibovu.

Shule ilinishinda mapema, nikaenda Tunduma kujifunza ufundi gereji, na ndiko nilikozeekea. Yale malori unayoyaona yamepanga foleni kuvuka mpaka, mengi vioo vyake nimevipandisha mimi. Madereva wa kutoka kokote, wengine hata jina sikuwauliza. Halafu nikija nyumbani naingia kwenye Kobe, nampeleka mama kanisani, kiganja chake kiko kwenye kioo, na mimi nasema nini? "Mama, wiki ijayo." Kinyozi hajinyoi, ndivyo wanavyosema watu. Sawa. Lakini hapa aliyeachwa na nywele hakuwa kinyozi.

Mwaka huu mama akasema anataka kwenda kwao, akaone makaburi ya wazazi wake magoti yangali yanamkubalia. Wajukuu wakamwambia watamkodia gari zuri, lenye kiyoyozi.

"Kiyoyozi ndio nini?"

"Baridi, bibi."

"Baridi ya Mbozi haijanitosha?" Akanigeukia mimi. "Nitakwenda na Kobe. Wewe utaendesha."

Nikauangalia ule mkono wake. Umekuwa mwembamba, mishipa imesimama. Nikasema moyoni, safari hii mkono huu utakaa mapajani. Ndipo nikaufungua ule mlango wa magunzi, nikaichomoa mashine ya kioo iliyolika, nikarudi nayo Tunduma kutafuta nyingine.

Kuna mama mmoja wa Zambia anauza vyuma chakavu jirani na gereji yetu. "Ba mudala, mulefwaya finshi?" akaniuliza, mzee unataka nini. Nikampa ile iliyolika. Akaigeuzageuza, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mama yangu! Hili gari bado liko hai?"

"Liko hai."

"Na wewe?"

"Si unaniona?"

"Naona mnafanana."

Akainama chini ya rundo la milango, akachomoa moja yenye meno mazima, imelala tu pale. Naipita hapo kila siku nikienda kunywa chai.

Raba za pembeni sikupata. Nilihitaji kitu kinene cha manyoya, kioo kiteleze bila kucheza. Nyumbani, kwenye ukuta wa stoo, ilikuwa inaning'inia kofia ya baba, ya pama, nondo wameshaitoboa. Nikaikata vipande vyembamba, nikavibandika kwenye mfereji wa kioo. Mama akaniletea uji wa ulezi, akasimama mlangoni.

"Hiyo si kofia ya baba yako?"

"Ndiyo, mama."

Akauweka uji karibu na bisibisi. Halafu akasema, "Haya. Na yeye akishike kidogo."

Jua halijazama, kioo kikawa kinapanda na kushuka kwa kidole kimoja. Hapo ndipo nilipoumia. Kazi ingekuwa ngumu, ningekuwa na la kujitetea.

Tukateremka Msangano. Vumbi likabaki nje. Nikageuka kumtazama mama akifurahi, nikaona kiganja chake kiko kwenye kioo, kinasukuma juu.

"Mama, pumzisha mkono. Hakianguki tena."

"Najua, baba. Umekitengeneza vizuri." Akaushusha mapajani. Tulipofika tu kwenye matuta ya barabara, ukarudi.

Karibu na kwao tukawakuta wanawake wamejitwika ndoo za maji. Mama akataka awasalimie. Akashika kile kishikio, akakitazama, akaniuliza, "Hiki kinazungukia wapi?"

Umri wote kakaa kwenye kiti kile, na hajui kinazungukia wapi. Nikamwonyesha. Kioo kikashuka, wale wanawake wakamtambua, ndoo zikatuliwa chini, salamu za Kinamwanga zikaingia gari zima.

Siku hizi gunzi kama lile hulipati. Mbegu za dukani zinatoa magunzi manene, laini, ukilipachika linasagika. Bibi hayupo wa kunisimanga, zile nyimbo nimesahau sauti ya pili, na mdogo wangu ni bibi wa watu, kifua chake kizima. Wa kucheka ule utani tumebaki wachache.

Mama aliposhuka garini, ndugu walimzunguka. Akautikisa mkono wa kushoto, akasema, "Ngojeni kidogo uamke."

Wakacheka, wale waliobaki. Mimi nikainama chini ya usukani, najifanya natafuta funguo, na funguo nilikuwa nimezishika.